UZI: Mama ameandikiwa dawa ya Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Inasaidia nini, na haisaidii nini?

BintiMkomani (mwanzisha uzi)

Salamu alaikum ndugu zangu. Niko Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani. Haya nimeyabeba kifuani wiki mbili, leo nimeona niyatoe.

Mama yangu ana miaka 74. Ni fundi wa kofia za vito, yale matundu madogo yanayotobolewa na kushonwa kwa mkono. Waume wengi wa mtaa huu walivaa kazi ya mkono wake siku ya harusi zao. Mwaka juzi alianza kukosea hesabu ya vito. Sisi tukasema ni macho, tukambadilishia miwani. Kisha akawa anauliza jambo moja mara nne kabla chai haijapoa. Tukasema ni uzee. Alasiri moja akatoka kwenda duka analolijua tangu utoto, akaonekana baada ya Isha ameketi ngazini huko Langoni, hajui arudi kwa ndia gani. Kijana mwenye punda ndiye aliyemshika mkono akamleta, maana hapa kwetu kila mtu humjua mama wa mwenziwe, alhamdulillahi. Tangu usiku ule hakuna tena aliyesema ni uzee.

Tulivuka Mokowe kwa mashua, tukapanda basi hadi Mombasa. Daktari wa ubongo akakaa naye saa nzima. Alimwambia maneno matatu ayakumbuke, akamtaka achore saa. Mama alichora duara zuri kabisa, kisha nambari zote akazipanga upande mmoja. Nilitoka nje nikalia. Akapigwa picha ya kichwa, akatolewa damu. Jibu: ni Alzheimer, daraja ya kati. Ameandikiwa donepezili miligramu 5 kila usiku, na baada ya wiki sita iwe 10.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa yuko Jeddah, anatuma sauti kila siku: amesikia Marekani kuna dawa mpya ya kusafisha ubongo, yuko tayari tuuze shamba. Mdogo wangu anasema tusimpe mama kidonge chochote, tumwache na uzee wake. Nilalaye naye chumba kimoja ni mimi. Boksi liko mkononi mwangu tangu Jumatatu na sijalifungua.

Naomba walio na wazazi wa namna hii, na walio na ujuzi wa dawa, waniambie kweli. Sitaki kufarijiwa. Dawa hii inafanya nini hasa?

Mja_wa_Faza

Pole sana dada. Mungu amsahilishie mama. Nafuatilia, bibi yangu naye ameanza kuniita kwa jina la baba yangu.

KemistiMalindi

Dada, waalaikumu salaam. Nauza dawa hapa Malindi mwaka wa kumi na sita sasa. Umeomba ukweli, nitakupa kama ambavyo ningempa dada yangu wa tumbo moja.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo, inayohusika sana na kumbukumbu na makini, ni asetilikolini. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, seli zinazoitengeneza hufa mapema, kwa hiyo inakuwa haba. Na hiyo haba nayo kuna kimeng'enya kinachoivunja mara ikishafikisha ujumbe. Donepezili humzuia huyo mvunjaji. Kazi yake inaishia hapo. Haifufui seli iliyokufa, wala haigusi yale mabonge ya protini ambayo Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani, aliyaeleza mwaka 1906 baada ya kuupasua ubongo wa mgonjwa wake. Inakifanya kidogo kilichobaki kidumu kazini muda mrefu zaidi.

Kundi hili lina ndugu watatu: donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, rivastigimini ya 2000 na galantamini ya 2001. Kulikuwa na kaka yao wa kwanza, takrini, mwaka 1993. Huyo aliachwa kwa kuwa alikuwa akiumiza ini. Halafu kuna memantini, ya kundi lingine, kwa ugonjwa uliofika kati au mbali zaidi.

Nguvu yake? Watafiti wana kipimo cha kumbukumbu cha alama 70. Waliokunywa donepezili kwa miezi sita waliwazidi wasiokunywa kwa takriban alama 3. Ndiyo, tatu. Ukiniuliza kama mama atarudi alivyokuwa, jibu ni hapana, na atakayekwambia ndiyo mwogope. Ukiniuliza kama anaweza kukaa hapo alipo kwa miezi kadhaa, pengine mwaka, kabla ya kuteremka, basi kwa baadhi yao ndiyo. Na wapo wasionufaika kabisa. Hakuna anayeweza kukwambia leo mama yako ni wa fungu gani.

Kwa hiyo nakushauri jambo moja kabla hujafungua boksi. Chukua daftari, andika anachoweza kufanya LEO. Usiandike "kumbukumbu mbaya". Andika vitu vya kuonekana: anavaa mwenyewe? anajua sala ngapi zimepita? anamaliza chakula? anaita wajukuu kwa majina? Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya sita, soma daftari. Bila hilo mtabishana nyumbani, mmoja akisema imesaidia na mwingine akisema haikusaidia, na wote mtakuwa mnakisia.

Swali langu: mama anatumia dawa gani nyingine? Zote, hata za kununua bila karatasi ya daktari.

BintiMkomani

Allah akulipe kheri. Daftari nimelifungua usiku huu. Nimeandika kofia. Alikuwa akimaliza safu moja ya vito baada ya Alasiri hadi Magharibi. Sasa anatoboa vito vitatu, cha nne anasahau nafasi yake, anafumua. Lakini sindano anaitia uzi mwenyewe. Nimeandika hilo pia.

Dawa nyingine: atenololi ya presha, miaka mingi. Na vile vidonge vidogo vya manjano, klofeniramini, viwili kila usiku. Alianza kwa ajili ya mwasho wa ngozi, akaona vinamletea usingizi, basi akaendelea. Nadhani ni mwaka wa tatu.

KemistiMalindi

Dada, nimesimama niliposoma hapo.

Hivyo vidonge vya manjano kwa mtu wa umri wa mama ni tatizo lenyewe. Klofeniramini huziba mlango ambao asetilikolini huingilia. Donepezili inaongeza asetilikolini, ile nyingine inaifungia nje. Mnampa dawa mbili zinazopigana ndani ya kichwa kimoja. Na hata kabla ya donepezili, klofeniramini peke yake huwachanganya wazee, huwakausha kinywa, huwazuia mkojo na choo, huwaangusha usiku.

Haiko peke yake. Prometazini ya kichefuchefu na mzio, amitriptilini ya maumivu ya neva na usingizi, haiosini ya msokoto wa tumbo, oksibutinini ya kibofu, zote zina tabia hiyo. Wazee wengi hapa Pwani wana mojawapo chini ya mto wa kitanda, na hakuna aliyewahi kumwambia daktari kwa sababu "si dawa, ni za mafua tu".

Mpigie daktari kesho umwambie. Usingoje miadi.

Na atenololi pia mtajie. Inapunguza mwendo wa moyo, na donepezili nayo hupunguza. Pamoja zinaweza kuupunguza kupita kiasi.

Nahodha_Mstaafu

Kemisti amesema vyema. Kumpa mtu dawa ya kumbukumbu huku anameza cha kuiziba, ni kufua maji chomboni na tundu umeliacha wazi.

Mke wangu ni mwaka wa sita. Niko Shela. Nitasema kidogo, kuandika kwangu ni kwa taratibu.

Kwetu shida haikuwa kusahau. Mtu akisahau unamkumbusha. Shida ilikuwa jua likianza kuchwa. Ikikaribia Magharibi mke wangu huinuka, hujitanda buibui, husema "nipelekeni kwetu". Yuko kwake. Nyumba hii ameingia akiwa bi harusi. Mwanzo nilikuwa nikimwambia "hapa ndipo kwenu", akawa analia na kunipiga mikono. Siku moja nikachoka, nikasema haya twende. Nikamshika mkono tukatembea ufuoni hadi miguu ikachoka, tukarudi, nikamfungulia mlango, akasema "alhamdulillahi tumefika". Tangu siku hiyo ndiyo dawa yetu ya Magharibi. Na taa nawasha mapema kabla kiza hakijaingia pembeni, maana vivuli vinamtisha.

Memantini anatumia. Tulianza miligramu 5 wiki ya kwanza, tukawa tunaongeza 5 kila wiki hadi 20. Siku za mwanzo alikuwa na kizunguzungu na choo kigumu. Daktari alipima figo kwanza. Imemtuliza kiasi, si sana. Anakula zaidi. Hilo kwangu ni kubwa.

Ghaibu_Lakini_Mwamu

Nafanya kazi ya kuwatunza wazee ughaibuni, kwa hiyo naomba nijibu hili la kaka wa Jeddah, kwa sababu kila familia naona swali hilihili.

Dawa anayoisikia huenda ni lekanemabu. Si ya kutuliza dalili kama donepezili. Hii huanza kwa kuingizwa mshipani, kila wiki mbili, na huondoa protini ya amiloidi ubongoni. Marekani iliipa idhini kamili Julai 2023. Katika utafiti wa watu 1,795 kwa miezi 18, waliopewa waliteremka polepole zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 27. Ukisikia asilimia 27 unaona ni nyingi. Kwa kipimo chenyewe, chenye alama 18, tofauti ilikuwa chini ya nusu alama. Kwa wastani makundi yote mawili yaliteremka. Na ilijaribiwa kwa walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa. Bi mkubwa wako amesemwa ni daraja ya kati, kwa hiyo si wa kundi hilo.

Ongeza hili: dawa inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Kati ya kila watu mia waliopewa, kama 12 au 13 picha zao zilionyesha uvimbe. Wengi wao hawakuhisi kitu, lakini wapo walioumia vibaya. Bei ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu picha wala vitanda vya hospitali.

Mwambie kaka shamba lisiuzwe. Pesa anayotaka kutuma iwe ya mtu wa kukusaidia usiku ili na wewe upate kulala. Nasema hili nikijua uchungu wa aliye mbali. Anayeishi mbali hutaka kufanya jambo kubwa, kwa sababu madogo ya kila siku hayawezi.

BintiMkomani

Nimemsomea kaka ujumbe huu kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza mtu wa usiku analipwa kiasi gani.

TibaAsiliaPwani

Dada usijisumbue na kemikali za wazungu. Kuna vidonge vya jani la ginko, vinafungua mishipa ya ubongo, na kuna mchanganyiko wetu wa mizizi. Wengi wamepona kabisa. Karibu nikupe maelezo.

KemistiMalindi

Ndugu yangu, sina ugomvi na miti shamba. Galantamini niliyoitaja hapo juu ilianzia kwenye ua. Ni ua dogo jeupe la Ulaya linalochipuka theluji ingali chini, na watafiti wa Bulgaria ni miongoni mwa waliolifanyia kazi miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba mtu alikitoa kile kiini, akakipima kwa miligramu, akakijaribu kwa wagonjwa mbele ya wasiopewa, akaandika na madhara yake.

Ginko nayo ilijaribiwa hivyohivyo. Marekani walifuata wazee zaidi ya elfu tatu kwa miaka kama sita. Haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Na inaweza kuongeza kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu. Neno "wamepona kabisa" naomba uliondoe. Ugonjwa huu hakuna aliyewahi kupona, na wanaokusoma hapa wana wazazi wao vitandani.

Mwana_wa_Barani

Nimesoma uzi huu kimya siku tatu. Mimi ni wa Malindi, upande wa barani. Naomba niseme ya baba yangu.

Baba alianza kuzungumza peke yake na kutembea usiku. Kwetu, mzee mwenye mvi anayetembea usiku hana salama. Mnajua wenyewe wazee wangapi wa Kilifi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Tukaogopa, tukamfungia ndani. Akawa anapiga mlango usiku kucha. Tukampeleka hospitali, akaandikiwa haloperidoli ili atulie.

Akatulia. Alitulia mpaka akawa kama gogo. Shingo ngumu, mate yanatoka, hawezi kumeza uji. Ndani ya wiki mbili hakuweza kusimama. Daktari mwingine ndiye aliyesema pengine baba hana Alzheimer peke yake. Aliniuliza kama baba anaona watu wasiokuwepo, kama anatetemeka, kama kuna siku anaamka mzima na siku amepotea. Yote yalikuwa ndiyo. Akasema kuna aina ya ugonjwa wa kusahau, wa Lewy, ambao haloperidoli humdhuru mgonjwa vibaya sana. Akaisimamisha. Ilichukua mwezi baba akaanza tena kushika kijiko.

Sasa anatumia rivastigimini ya plasta, ya kubandika mgongoni. Simlaumu aliyeandika ile ya kwanza, sisi ndio tuliosema "mpe kitu alale". Lakini mwenye kusoma haya, kabla hujakubali dawa ya kumtuliza mzee, uliza.

Muuguzi_Bahari

Asante kaka kwa kusema. Najua si rahisi.

Naongeza kwa wote: dawa za aina hiyo, haloperidoli, risperidoni, olanzapini, kwetiapini, zina onyo zito kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Marekani waliandika onyo hilo mwaka 2005 kwa zile mpya, wakaongeza za zamani mwaka 2008, baada ya kuona wazee waliozitumia wanakufa zaidi kuliko wasiozitumia. Katika majaribio ya wiki kama kumi, waliokufa walikuwa asilimia 4.5 kwa asilimia 2.6. Kiharusi nacho huongezeka. Wakati mwingine hakuna budi, mzee anajiumiza au anaumiza watu. Basi iwe dozi ndogo kabisa, kwa muda mfupi, na tarehe ya kuitazama upya iandikwe siku hiyohiyo.

Na mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa sawa leo anapayuka, hiyo si Alzheimer kuzidi. Alzheimer haiendi kwa kuruka. Tafuteni maambukizi ya mkojo, kichomi, choo kilichoganda, maji kupungua mwilini, jino, au dawa mpya. Nimeona bibi aliyefungwa kamba kwa "kichaa" na kumbe ni mkojo tu.

Kuhusu plasta: mzee hubandikwa mpya na ya jana inasahauliwa. Nimewahi kumvua mtu tatu mgongoni, akiwa anatapika na moyo unapiga polepole. Ondoa ya zamani kwanza, hesabu, ndipo ubandike. Mahali pamoja pasirudiwe hadi siku 14 zipite. Andika tarehe kwa kalamu juu ya plasta yenyewe. Na ikikatika zaidi ya siku tatu, usirudie dozi kubwa, rudi kwa daktari aanze upya na ndogo.

Ami_wa_Mtaa

Mimi naona watu wa siku hizi mnakimbilia hospitali. Mambo mengine ni ya kusomewa. Mama asomewe, anywe kombe, insha'Allah.

BintiMkomani

Ami yangu, mama anasomewa kila Alkhamisi, na akisikia Yasini anaisoma mwenyewe bila kukosa herufi, yeye asiyekumbuka kama amekula. Dua haijakatika nyumba hii hata siku moja. Dawa nimeiweka kando ya dua, sijaiweka mahali pake.

BintiMkomani (baada ya wiki kumi na tatu)

Ndugu zangu, nimerudi na habari.

Klofeniramini tuliiacha kwa ruhusa ya daktari. Siku kumi za kwanza mama hakulala, wala mimi. Ngozi tukawa tunaipaka mafuta baada ya kuoga, mwasho ukapungua. Wiki ya tatu akaamka akaniuliza, "Leo Ijumaa?" Ilikuwa Ijumaa. Hapo donepezili alikuwa ameitumia siku chache tu. Kwa hiyo naamini, na daktari amekubali, kwamba ule ukungu mwingi wa asubuhi ulikuwa wa kile kidonge cha manjano. Miaka mitatu nilikuwa nikimpelekea kwa mkono wangu mwenyewe na glasi ya mai. Hili linanikata maini, sitaficha.

Donepezili ya 5 ilimletea kichefuchefu wiki ya kwanza, nikawa nampa baada ya chakula, kikaisha. Ndoto zikawa kali, akawa anaita marehemu baba usiku. Tukahamishia asubuhi, ndoto zikatulia.

Tatizo lilikuja na 10. Siku ya tisa aliacha kula. Mofa na samaki wa kupaka, chakula anachokipenda kuliko vyote, alikisukuma. Kisha Jumamosi akaanguka bafuni. Hakuteleza, alizimia. Nilipomfikia midomo ilikuwa myeupe. Jirani yangu aliyesomea uuguzi akamshika mkono akahesabu: mapigo 44 kwa dakika.

Kemisti, nilikukumbuka saa ileile. Atenololi. Nilimtajia daktari kwa simu, akasema tutaitazama miadi ijayo, nami nikanyamaza. Nisingenyamaza.

KemistiMalindi

Dada, pole sana. Yuko vipi sasa?

BintiMkomani

Hajambo. Alilazwa siku mbili, akapimwa moyo kwa mashine. Donepezili ilisimamishwa siku chache. Atenololi ikapunguzwa kidogokidogo hadi ikaondolewa, akapewa ya presha isiyogusa mwendo wa moyo. Mapigo yaliporudi 66 akaanzishwa tena donepezili ya 5, na daktari amesema atabaki hapo, 10 haitafutwi tena. Amepungua kilo mbili. Namlisha tende na maziwa ya ngamia jioni.

Mdogo wangu amekuja na hoja yake: mnaona, dawa imemuangusha, tuiache kabisa. Na safari hii sina jibu. Naogopa kuendelea, naogopa kuacha.

Muuguzi_Bahari

Hofu yako ni ya haki. Lakini kilichomuangusha ni dozi kubwa juu ya atenololi, na zote mbili zimeshaondoka.

Kuhusu kuacha: Uingereza waliwahi kuchukua wagonjwa 295 wa nyumbani, wa daraja ya kati na kali, waliokuwa tayari wanatumia donepezili. Wengine wakaachishwa, wengine wakaendelea. Matokeo yalitoka mwaka 2012: walioendelea walishika kumbukumbu na kazi za siku kuliko walioachishwa. Si kwa mbali sana, lakini walishika. Kwa hiyo usiiache kwa hasira. Ikiwa daftari linaonyesha hakuna faida, au mwili unakataa, iacheni kwa mpango, na mtazame wiki chache zinazofuata. Akiteremka ghafla mnaweza kuirudisha.

Kila asubuhi kabla ya kidonge, mshike mkono uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, usimpe, mpigie daktari. Mfundishe na huyo mdogo wako kuhesabu.

Nahodha_Mstaafu

Mdogo wako mpe zamu ya Magharibi wiki moja. Hapana, sisemi kwa ubaya. Mwenye kukaa naye ndiye hujua dawa imebadilisha nini.

BintiMkomani (baada ya miezi mitano)

Salamu alaikum. Nimefungua daftari usiku wa leo, nikasema niandike na hapa, maana ninyi ndio mlionipa kalamu.

Alichopoteza: haogi tena bila kuelekezwa. Jina la mjukuu wa mwisho limeondoka. Rakaa anachanganya, shekhe ametuambia tusimsumbue, kalamu imeinuliwa juu yake, aswali anavyoweza. Ramadhani hakufunga. Mwanzo alikuwa akikataa chakula mchana kwa sababu alisikia adhana na kuona wengine hatuli. Nikawa nakula naye chumbani tonge mbili ili aamini, kisha nalipa siku zangu baadaye.

Alichobakiza: anavaa mwenyewe. Anamaliza sahani. Mapigo ni kati ya 60 na 68, daftari limejaa nambari za mkono wa mdogo wangu, ambaye siku hizi huja kabla ya Alfajiri kuhesabu. Kaka ametuma pesa ya mtu wa usiku, binti wa Matondoni mwenye subira kuliko mimi. Nimelala.

Kofia. Niliandika siku ya kwanza: vito vitatu, cha nne anafumua. Jana alitoboa vito vinne vikakaa sawa, cha tano kikapotea. Juzi viwili tu. Wiki iliyopita vitatu. Kwa miezi mitano yuko palepale. Mwaka uliotangulia, bila dawa na huku akimeza kile kidonge cha manjano, alitoka safu nzima akafika vitatu. Sijui mgao wa donepezili ni upi na wa kuacha klofeniramini ni upi. Kemisti, ukiwa na hesabu yako niambie. Mimi nimeandika "amekaa", nikapiga mstari chini yake.

KemistiMalindi

Hakuna hesabu ya kuwatenganisha hao wawili kwa mtu mmoja, dada. "Amekaa" inatosha kuandika. Memantini hajaitaja daktari?

BintiMkomani

Ameitaja, amesema tutaizungumza miadi ya mwezi wa nane akipima figo. Nitakuja niwaambie.

Sasa shida yangu ni moja. Dawa yenyewe huku Amu mwezi mwingine ipo, mwezi mwingine haipo. Huwa tunaagiza Mombasa, inakuja na basi hadi Mokowe, na mara mbili tumebakiwa na vidonge viwili kabla haijafika. Kuna mwenye mzazi anayetumia donepezili huku Amu, Shela au Faza? Kama tuko watatu au wanne, nimezungumza na mwenye duka la dawa hapa mjini, yuko tayari kuleta maboksi ya miezi mitatu kwa mkupuo, mradi ajue hayatamlalia.

Mja_wa_Faza

Dada, bibi yangu alipimwa Jumanne iliyopita. Ameandikiwa 5. Tuhesabu na sisi.